Upanga Uliomkataa Mwenyewe

Tumeumaliza mchezo wa video uitwao Dragon Quest V, uliotungwa na Yuji Horii na kutolewa Japani mwaka 1992. Mchezaji huongoza maisha ya mtu mmoja tangu utoto: baba yake huuawa mbele yake, naye hutumikishwa miaka 10, huoa, kisha hugeuzwa jiwe kwa miaka 8, huku watoto wake pacha wakikua bila yeye. Upanga wa shujaa alioachiwa na baba humkataa. Auwezaye ni mwanawe. Kumbe tuliyemhangaikia saa zote hizo ni daraja tu! Hapo ndipo penye uzito wa kazi hii.

Utumwa, hata hivyo, umepitiwa mbiombio. Twaambiwa mateso, hatuyaonji. Kifo cha baba twakiona pigo kwa pigo, naye harudishi hata moja, kwa kuwa mtoto ameshikwa mateka.