Mganga Hajigangi: Kiwewe cha Daktari katika Riwaya ya Tauni

Utangulizi

Mtahiniwa wa kidato cha nne akipewa insha kuhusu janga la korona, hakosi aya inayowasifu madaktari. Atawaita mashujaa, ngao ya taifa, majabali yasiyotikisika. Sifa hizi ni njema na walistahiki. Hata hivyo, jabali haliumi wala halilii. Tunapomgeuza daktari kuwa jabali, tunamnyima haki ya kuumia.

Makala haya yanalenga kuonyesha jinsi riwaya moja inavyoisawiri fadhaa ya daktari wakati wa janga. Aidha, yanadhamiria kumkumbusha mwalimu kuwa swali moja la fani, yaani "Nani anasimulia?", linaweza kutufungulia moyo wa mhusika ambao orodha ya sifa zake imeufunga.

Riwaya yenyewe ni La Peste, yaani Tauni, ya Albert Camus. Mwandishi huyu alizaliwa Algeria mwaka wa 1913, akaichapisha riwaya hii kwa Kifaransa mwaka wa 1947, na akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka wa 1957. Si kitabu teule cha Kiswahili, lakini mbinu yake ya usimulizi ni funzo kwa yeyote anayefundisha riwaya.

Muhtasari wa riwaya

Kisa kinatokea Oran, mji wa bandari nchini Algeria, katika miaka ya 1940. Asubuhi moja ya Aprili, Daktari Bernard Rieux anakanyaga panya aliyekufa nje ya mlango wake. Siku chache baadaye panya wanakufa kwa maelfu, kisha watu wanaanza kufa. Castel, daktari mkongwe, anathubutu kulitaja jina la ugonjwa: tauni. Wakubwa wa serikali wanasitasita, na hata Richard, kiongozi wa madaktari wa mji, anaogopa kulitamka neno hilo. Hatimaye amri inatoka na malango ya mji yanafungwa kwa miezi mingi. Kabla ya hayo, Rieux amemsindikiza mkewe mgonjwa hadi kwenye gari moshi, aende kutibiwa mbali. Hawaonani tena.

Je, Rieux hana moyo?

Msomaji wa haraka atamwona Rieux kuwa mtu baridi. Rambert, mwanahabari aliyekwama mjini na ambaye mpenzi wake yuko Paris, anamwomba cheti cha kuthibitisha kuwa hana ugonjwa ili aruhusiwe kutoka. Rieux anakataa. Rambert anamshutumu kuwa anaishi katika ulimwengu wa dhana tupu, asikojua machungu ya wapendanao. Mtahiniwa akiishia hapo ataandika: "Rieux ni katili. Alikataa kumpa Rambert cheti." Mtahini anaweza kumpa alama yake, lakini mhusika atakuwa hajaeleweka.

Tuitazame kazi ya Rieux ilivyogeuka. Daktari husomea kuponya. Katika janga hili Rieux haponyi. Kazi yake ni kuutambua ugonjwa, kuuandika, na kuagiza mgonjwa aondolewe. Kila jioni anaingia nyumba baada ya nyumba. Familia zinajua kuwa akitamka neno lile, mgonjwa atachukuliwa na pengine hatarudi. Wanalia, wanamsihi, wanafunga milango. Mtu aliyekuwa akipokelewa kama mkombozi sasa anaandamana na askari. Hiki ni kinaya kikubwa: mkono uliofunzwa kutibu ndio unaotenganisha mama na mwanawe.

Wataalamu wa afya ya akili wa siku hizi wana neno la jeraha la namna hii. Wanalitofautisha na uchovu wa kawaida na kuliita jeraha la kimaadili: maumivu ya mtu aliyelazimika kutenda, au kushuhudia, jambo linalokiuka maadili yake. Camus hakulitumia neno hilo, lakini alilichora jambo lenyewe.

Fauka ya hayo, Rieux analala takriban saa nne kwa siku. Msimulizi anaeleza kuwa huruma humchosha mtu inapokuwa haina faida, na kwamba daktari huyu anapata nafuu kwa kuuhisi moyo wake ukifunga taratibu. Zingatia hapa, mwalimu mwenzangu. Ubaridi wa Rieux si tabia yake ya kuzaliwa. Ni ganzi, na ganzi huja baada ya maumivu.

Mahali ganzi inapopasuka

Ganzi ya Rieux inapasuka mara chache, na mara hizo ndizo za kuchunguzwa.

Kwanza, siku moja anazungumza na Castel kuhusu dawa mpya ambayo mzee huyo ametengeneza. Anapogeuka anamkuta amesinzia kitini, uso umelegea na mate yanamtoka. Rieux anahisi koo limembana. Hakuna kilio. Ni koo tu, lakini koo hilo linatosha kutuonyesha kuwa amejiona mwenyewe katika uzee na uchovu wa mwenzake.

Pili, kuna kifo cha mwana wa hakimu Othon. Mtoto huyu anafia katika shule iliyogeuzwa hospitali, katika chumba kilichokuwa darasa. Ubaoni bado yanaonekana mabaki ya hesabu ambazo hazikufutwa vizuri. Taswira hii haina budi kumgusa kila mwalimu. Dawa ya Castel inajaribiwa kwa mtoto huyu, na tokeo lake ni kurefusha mateso yake tu. Rieux anamgeukia kasisi Paneloux na kumfokea kuwa mtoto huyu, angalau, hakuwa na hatia. Baadaye anaomba radhi na kusema kuwa uchovu ni aina ya wazimu. Hapa daktari anajipima ugonjwa mwenyewe, lakini hana wa kumtibu. Wahenga walisema, mganga hajigangi.

Tatu, kuna habari za mkewe. Rambert anakuja kujua kuwa Rieux naye ametenganishwa na ampendaye, lakini hasikii hayo kutoka kwa Rieux. Ni rafiki yao, Tarrou, anayemwambia. Mara tu baada ya kujua, Rambert anajitolea kuhudumu katika vikosi vya afya. Siri ya daktari, iliyotolewa na mtu mwingine, inafanya kazi ambayo hoja zote za Rieux hazikuifanya.

Msimulizi ni nani?

Tumefika kwenye kiini cha makala haya. Riwaya inasimuliwa katika nafsi ya tatu. Msimulizi husema "mji wetu" na "wenzetu", na Rieux humwita "daktari". Katika sura ya mwisho ndipo anapofichua kuwa yeye, msimulizi, ndiye Daktari Rieux.

Ufichuzi huu unatulazimu kuisoma riwaya upya. Mtu aliyekuwa akituambia kwamba "daktari" alihisi koo likimbana alikuwa akizungumzia koo lake mwenyewe. Anaweza kusema "sisi". Anaweza kusema "yeye". Asiloweza kusema ni "mimi". Kwa maoni yangu, hapo ndipo kiwewe chake kilipo: si katika maneno ya huzuni, bali katika kiwakilishi kinachokosekana.

Tazama pia anavyogawa nafasi. Kufa kwa Tarrou, rafiki yake, kunasimuliwa kwa kirefu, kwa kuwa huko anaweza kusimama kama shahidi. Kufa kwa mkewe kunapewa mistari michache: simu ya maandishi inafika, anamwomba mama yake asilie, basi. Msiba mkubwa zaidi umepewa maneno machache zaidi. Msomaji anayepima uzito wa tukio kwa wingi wa kurasa atapotoka.

Pingamizi na kasoro

Huenda ukasema kuwa msimulizi mwenyewe ametoa sababu nyingine: alitaka kuwa shahidi mwadilifu, aseme kwa niaba ya wote. Huenda pia ukasema kuwa tauni ni jazanda ya utawala wa Wanazi nchini Ufaransa, ambao Camus aliupinga kama mwandishi wa gazeti la siri. Yote ni kweli. Hata hivyo, jazanda haifuti maana ya moja kwa moja, na sababu aliyoitoa mtu aliyeumia haitoshi kumaliza swali la maumivu yake. Kuwa shahidi ndiko kulikomwezesha kuendelea kusimama.

Riwaya ina upungufu vilevile. Waarabu, wenyeji wa nchi hiyo, karibu hawaonekani. Wauguzi hawana sauti, ilhali ndio wanaokaa na mgonjwa usiku kucha. Aidha, hofu ya daktari ya kupeleka ugonjwa nyumbani haichukui nafasi kubwa, jambo ambalo madaktari wetu walilijua vyema. Hapa Kenya kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa Machi 13, 2020. Julai mwaka huohuo tulimpoteza daktari wa kwanza kwa ugonjwa huo, na Desemba madaktari wakagoma wakidai vifaa vya kujikinga na bima ya afya. Jabali halidai bima. Binadamu ndiye anayedai.

Kwa mwalimu na mtahiniwa

Inafaa kukumbuka kuwa Rieux mwenyewe anaukataa ushujaa. Anamwambia Rambert kuwa suala hapa ni uaminifu, na uaminifu kwake ni kuifanya kazi yake. Mwalimu, ukikutana na neno "shujaa" katika insha ya mwanafunzi wako, mwulize: shujaa huyu alilala saa ngapi? Alimzika nani? Nani alimuuguza yeye? Mtahiniwa nawe, unapoorodhesha sifa za mhusika, uliza sifa hiyo imetoka wapi na imemgharimu nini. Jibu lenye kisababishi huwa na uzito kuliko jibu lenye orodha.

Maswali ya marudio

1. "Ubaridi wa Daktari Rieux ni ngao, si tabia." Jadili kauli hii ukitumia hoja nne kutoka riwayani.

2. Eleza jinsi mwandishi alivyotumia kinaya na taswira kuonyesha athari za janga kwa daktari.

3. Chagua mhusika mmoja kutoka kitabu teule unachosoma ambaye huonekana mkali au asiyejali. Onyesha, kwa kurejelea matukio, yaliyomfikisha hapo.

Mwongozo: katika swali la kwanza, mtahiniwa asiishie kwenye cheti cha Rambert. Ataje kazi iliyogeuka kutoka kuponya hadi kutenganisha, saa chache za usingizi, kifo cha mwana wa Othon, na namna msimulizi anavyojificha hadi sura ya mwisho. Atakayeifikia hoja hii ya mwisho atakuwa ameyasoma hata yale ambayo daktari hakuyasema.