Sifa ya Ukili

Bibi hasuki ukindu mkavu. Huuchovya majini, akaukung'uta, akaufunika kwa khanga mbichi, kisha akangoja. Ukindu usioshiba maji hukatika. Uliozidiwa maji hunywea ukikauka, mkeka ukabaki na mianya. Kipimo cha katikati kiko kwenye ncha za vidole vyake.

Hapa Idete, katika bonde la Kilombero, mkindu hupenda kando ya maji. Makuti machanga huchanwa, huanikwa mpaka yawe meupe, na mengine huchemshwa na rangi. Ndipo chane zinapopishana, juu, chini, juu, hadi ukili unafika pima kadhaa na kuviringishwa kama gurudumu.

Huko Barcelona, Uhispania, wanalijua jina la Idete kwa habari nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti, akiwamo daktari Mhispania Pedro Alonso, waliijaribu hapa chanjo ya malaria iitwayo SPf66 kwa watoto wadogo, na matokeo yakachapishwa mwaka 1994. Kijiji kikaingia kwenye maandiko ya tiba. Natamani Wahispania wangetujua kwa ukili pia, maana wao wenyewe wanao.

Kisiwani Mallorca, upande wa Capdepera, wanawake huvuna majani ya garballó, mti mfupi wa porini, ndugu wa mkoche. Huyaanika juani, huyafukiza kwa moshi wa salfa yazidi weupe, husuka utepe mrefu waitao llata, kisha huushona kuwa vikapu na kofia. Llata ni ukili tu. Neno lenyewe ni la Kikatalani, lugha ambayo utawala wa dikteta Franco, hadi alipokufa mwaka 1975, uliitoa shuleni na ofisini. Lakini nani angemkataza mama, kibarazani kwake, kumwambia binti yake utepe unaitwaje? Katiba ya mwaka 1978 ilipozifungulia mlango lugha za majimbo, jina la llata halikuhitaji kufufuliwa. Lilikuwa kazini.

Ila kusuka ni nusu ya kazi. Mkeka ni kili nyingi, pengine za mikono mbalimbali: huu umesukwa na Mndamba, ule na Mpogoro, mwingine na Mbunga, kila mmoja na urembo wa kwao. Bibi huzipanga ubavu kwa ubavu na kuziunga kwa shazia.

Nilimsimulia habari za Uhispania na majimbo yake 17, na jinsi Catalonia ilivyopiga kura ya kujitenga mwaka 2017 huku mahakama ikiwa imeipiga marufuku. Alisikiliza bila kuinua macho.

"Mjukuu wangu," akasema, "mkeka hauanzi kuachana kwenye ukili. Huanzia kwenye mshono."

Kisha akautandaza ule aliokuwa akiushona tangu asubuhi. Ulikuwa umetuna katikati. Uzi ulikazwa mno. Akachukua kisu, akafumua mshono mzima, akaanza upya.