Kumtafuta Fundi Aliyeko Kazini

Tangazo la kazi halichukui muda kubandikwa Facebook. Kufikia jioni, chini yake pamejaa namba za simu na neno "nahitaji", na mwajiri hajui aanzie wapi. Wapo wachache wanaoifanya kazi ya kutafuta wafanyakazi kwa namna nyingine, nami nawaheshimu sana.

Mmoja wao ni dada wa Dar es Salaam ambaye riziki yake ni kuwatafutia wenye viwanda wafanyakazi. Akitafuta watu wa ofisini huanzia LinkedIn, na humo anajua kwamba kazi moja ina majina mengi: huyu kajiandika afisa manunuzi, yule afisa ugavi, mwingine mnunuzi. Huyatafuta yote kwa mkupuo mmoja. Lakini safari moja alitakiwa kumpata fundi wa vyumba baridi kwa kiwanda cha minofu ya sangara Mwanza, na mafundi wa namna hiyo ni nadra kuwakuta LinkedIn. Wako kwenye makundi ya Facebook na WhatsApp, wakijibizana usiku baada ya kazi.

Basi akaomba ruhusa kwa msimamizi wa kundi, akaingia, akasoma. Hakubandika kitu.

Fundi mmoja alikuwa ameweka picha: mrija wa kurudi umeganda barafu hadi kwenye kompresa, naomba ushauri. Majibu yakamiminika. Ongeza gesi. Kompresa imekwisha hiyo, badilisha. Kisha mmoja akauliza: feni ya ndani inazunguka? Barafu iliyeyushwa lini mara ya mwisho? Hapo dada akasimama. Hewa isipopita vizuri kwenye koili, gesi haigeuki mvuke yote. Hurudi ikiwa bado majimaji, na kuiongeza ni kuiua kompresa iliyo nzima. Aliyeuliza hakuwa na wasifu wowote wa kupendeza, na mahali pa sura yake palikuwa na picha ya pikipiki. Dada akayafukua majibu yake ya nyuma, akamkuta ni yule yule: anauliza, anapimisha presha, ndipo anashauri. Mahali pamoja alikuwa ameandika waziwazi kwamba mitambo ya amonia hajaizoea. Wengi wangeona hiyo ni dosari. Yeye aliona ni mtu anayejua mipaka yake, na kwa kuwa amonia ni sumu, akampigia kwanza mwajiri kuuliza vyumba vyake vinatumia gesi gani.

Kuna asivyosoma pia. Picha za harusi, za ibada, za mikutano ya siasa huzipita. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mtu kwa dini, kabila, ndoa au ujauzito, na yeye anaona njia salama ni kutoyatazama kabisa.

Ujumbe wake nimeusoma. Ulimfikia fundi saa mbili usiku, si mchana akiwa juu ya paa na spana mkononi. Ulianza na lile swali lake la feni. Ukaendelea kwa jina la kiwanda, mji, zamu, mshahara kuanzia kiasi gani hadi kiasi gani, na kwamba haombwi hata senti. Mwisho ukaomba cheti chake cha VETA na namba ya mtu aliyewahi kumfanyia kazi. Fundi akajibu kwa ujumbe wa sauti, dakika tatu nzima, akiuliza yeye maswali. Wengine wawili aliowasiliana nao wakakosa nafasi, na kila mmoja akaandikiwa sababu.

Waajiri wengi humpa mtu kama huyu siku mbili, kisha hulalamika kwamba mafundi hawapo. Mpeni wiki mbili, na mtajieni mshahara tangu siku ya kwanza, ili naye aweze kumtajia fundi.