Mchi Unaoelea Ndani ya Oili

Okota kopo tupu la soda pale stendi ya Muheza kabla wakusanya vyuma chakavu hawajalifikia. Pitisha kidole ubavuni, kisha lizungushe. Hutapata mshono. Kopo la maziwa ya unga linao, la rangi linao, na makopo ya mananasi ya Thika yalikuwa nao kwa miaka mingi: bati lilikunjwa likawa bomba, likaunganishwa ubavuni, ndipo likapigwa kitako na kifuniko. Hili la soda halikukunjwa, limevutwa.

Sasa libonyeze. Ubavu unakubali dole gumba, kitako kinakataa. Ubavu una unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita; kitako ni zaidi ya mara mbili ya hapo, ingawa vyote viwili vimetoka katika bamba moja la alumini la kama milimita 0.26. Kuna mashine iliyoukamua ubavu huo, tena ikauacha na unene uleule pande zote. Chuma peke yake hakiwezi kuishikilia mashine hiyo isitetereke. Kinachoishikilia ni oili, na namna oili inavyofanya kazi hiyo inastahili safu nzima.

Makopo haya ya vipande viwili, mwili na kifuniko, yaliingia sokoni Marekani mwaka 1959 kupitia kampuni ya bia ya Coors. Bamba hukatwa miduara, kila duara likabonyezwa kuwa kikombe kifupi na kipana. Kikombe kinaingia mashine ya pili, na hapo ndipo penye uhondo. Mchi mrefu wa chuma, uliolazwa badala ya kusimamishwa, unakiingia kikombe na kukisukuma: kwanza kwenye pete inayokipunguza upana, kisha kwenye pete nyingine, kwa kawaida tatu, zilizopangwa foleni, kila moja ikiwa na tundu dogo kidogo kuliko iliyotangulia. Nafasi kati ya mchi na pete ni ndogo kuliko unene wa alumini, kwa hiyo alumini haina pa kukimbilia ila kurefuka. Mwisho wa safari mchi unakigongesha kitako kwenye kinundu cha chuma, kinabonyea ndani, na hilo ndilo kuba unaloliona ukipindua kopo. Upepo unapulizwa, kopo linachomoka, mchi unarudi kuchukua kikombe kingine.

Tupige hesabu. Tuseme mashine inatoa makopo 350 kwa dakika, na mchi unasafiri sentimita 60 kwenda na 60 kurudi. Hizo ni mita 420 kila dakika, wastani wa mita 7 kwa sekunde. Kwa kuwa mchi unasukumwa na kranki, katikati ya safari mwendo unapanda hadi kama mita 11 kwa sekunde, karibu kilomita 40 kwa saa, mwendo wa daladala iliyopata barabara nyeupe. Kisha unasimama kabisa, unageuka, unakimbia tena. Mara 350 mbele, mara 350 nyuma: unasimama mara 700 kwa dakika.

Shikilia hiyo 700, tutairudia.

Kusimama huko ni tatizo la kwanza. La pili ni uzito. Mchi umeshikwa upande wa nyuma, pua yake inaning'inia hewani kama tawi la mchungwa lililozidiwa. Ukiinama kwa milimita 0.01 tu, ambayo ni ndogo mara kadhaa kuliko unywele, ubavu mmoja wa kopo utatoka na milimita 0.09 na wa pili 0.11. Upande mwembamba utachanika, na kopo likichanika ndani ya pete mashine nzima inasimama. Ukiuegemeza mchi kwenye magurudumu madogo au bushi kavu, vitalika, na vikilika pua inazidi kushuka. Gololi nazo hazipendi kukimbizwa hivyo na kugeuzwa ghafla mara 700 kwa dakika, huku maji ya kupozea yakirushwa pembeni yake. Kinachotakiwa ni egemeo lisilogusa.

Kwamba oili inaweza kubeba chuma kisiguse chuma ni jambo lililogunduliwa karibu kwa bahati. Mwaka 1883, Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa akifanya majaribio ya beringi za ekseli kwa niaba ya chama cha wahandisi mitambo cha nchi yake. Kipande cha shaba kiliikalia ekseli kwa juu, na ekseli ilizunguka huku chini yake kukiwa na beseni la oili. Tower akatoboa tundu juu ya shaba ili atilie oili. Ekseli ilipozunguka, oili ikapanda kupitia tundu lile na kumwagika. Akaziba kwa kizibo, kikasukumwa nje. Akaziba kwa mti, nao ukatoka. Alipofunga geji, mshale ulipita paundi 200 kwa inchi ya mraba, wakati mzigo wote ukigawanywa kwa eneo la shaba ulikuwa paundi 100 tu. Kumbe shaba ilikuwa ikielea. Mwaka 1886 Osborne Reynolds alichapisha hesabu zinazoeleza kwa nini.

Maelezo yenyewe si magumu. Oili inaing'ang'ania ekseli, na ekseli ikizunguka inaikokota kuingia katika upenyo unaozidi kuwa mwembamba. Fikiria abiria wanaosukumana mlangoni mwa basi: nyuma wanazidi kuja, mbele mlango ni uleule, katikati msongamano unapanda. Msongamano huo ndio unaoinua mzigo. Masharti ni matatu: oili yenye mnato, upenyo unaobana, na mwendo.

Miaka 10 baada ya chapisho la Reynolds, mwaka 1896, reli ya Wajerumani kutoka Tanga ilifika Muheza, safari ya kilomita kama 40. Mabehewa ya enzi zile yalikalia ekseli zake kwa vipande vya shaba vya namna hiyohiyo, na oili ilifikishwa kwa nyuzi zilizoloweshwa. Treni ikiwa mbioni, uzito wote ulibebwa na utando wa oili. Ikisimama stesheni, utando ulikamuliwa nje na shaba ikalala juu ya chuma. Ndiyo maana madereva wa treni za zamani, kokote duniani, walikuwa na ujanja wa kurudi nyuma kidogo kwanza ili minyororo ya mabehewa ilegee, halafu wayaondoe moja baada ya jingine. Hata leo fundi wa gereji akikuambia usikanyage resi wakati injini ya Fuso ni baridi, anasema jambo hilohilo: beringi za kranki hazijapata utando wao bado.

Beringi ya mwendo, basi, ina udhaifu mmoja. Mwendo ukikata, kinachobaki ni chuma juu ya chuma kilichopakwa mafuta.

Suluhisho la nusu njia lipo katika wilaya hiihii ya Muheza. Kituo cha umeme cha New Pangani Falls, kilichoanza kazi miaka ya katikati ya 1990, kina mashine mbili za megawati 34 kila moja. Katika mashine za maji za namna hii, shafti inayosimama wima, pamoja na sumaku zake zote na msukumo wa maji, hukalia duara la vibao vinavyoweza kuinama kidogo kila kimoja kivyake, hivyo kujitengenezea upenyo wa kubana kulingana na mwendo na mzigo. Anthony Michell wa Australia alipata hati ya uvumbuzi wa vibao hivyo mwaka 1905. Albert Kingsbury wa Marekani aliufikia uvumbuzi huo kwa njia yake, na beringi yake ikafungwa katika kituo cha Holtwood, Pennsylvania, mwaka 1912. Kwa kuwa mashine kubwa haiwezi kuanza kuzunguka juu ya vibao vikavu, vituo vingi huwasha kwanza pampu inayosukuma oili chini ya vibao mpaka mzigo unyanyuke. Wakati wa kuzima, mwendo ukishuka kiasi fulani breki hukamatwa kwa makusudi, maana hatari iko katika kujikokota polepole, pale utando unapokuwa unakufa.

Mashine ya umeme inaweza kufanyiwa adabu hiyo mara chache kwa siku. Mchi wa kopo unasimama karibu mara 12 kila sekunde. Hakuna muda wa kuubembeleza, kwa hiyo pampu haizimwi kamwe: presha inatoka nje, na utando unakuwepo mchi ukikimbia au ukisimama. Hii ndiyo beringi ya haidrostatiki.

Mchi unapita ndani ya bushi nene. Ndani ya bushi kumechongwa vidimbwi, tuseme vinne: juu, chini, kushoto, kulia. Pampu inavilisha vyote, na oili inatoroka kupitia kingo nyembamba kati ya bushi na mchi, zenye nafasi ya sehemu chache za mia za milimita. Mtu wa kwanza kuchora kitu hiki angeweza kuunganisha vidimbwi vyote moja kwa moja na pampu, naye angekosea. Wakazi wa mitaa ya mlimani wanaijua sababu: mabondeni wakifungua bomba, juu hapafiki kitu. Maji hufuata njia rahisi. Mchi ukizama, nafasi ya juu inapanuka na ya chini inabana. Oili yote itakimbilia juu, mahali isipohitajika, na kidimbwi cha chini, chenye mzigo, kitalala njaa.

Dawa ni kuweka koo jembamba katika njia ya kila kidimbwi. Tufanye pampu inatoa kilo 60 kwa sentimita ya mraba, na koo linazuia oili sawasawa na kingo zinavyoizuia mchi ukiwa katikati. Kila kidimbwi kitakuwa na kilo 30. Mchi ukishuka mpaka nafasi ya chini ikabaki nusu, ugumu wa kutoka hauongezeki mara mbili. Unaongezeka mara nane, kwa sababu mtiririko katika upenyo mwembamba hufuata unene wake ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu. Kidimbwi cha chini kinapanda hadi kilo 53. Juu, nafasi imepanuka mara moja na nusu, presha inaanguka hadi kilo 14. Tofauti ni karibu kilo 40, na kidimbwi chenye eneo la sentimita 50 za mraba kinausukuma mchi kurudi juu kwa nguvu ya tani mbili hivi. Hapana kompyuta, hapana kihisio. Kwangu mimi koo lile dogo ndilo fundi mkuu wa mashine yote.

Koo lenyewe linaweza kuwa tundu fupi au mrija mrefu mwembamba, na kwa joto la pwani yetu ningechagua mrija. Oili ikipata moto inakuwa nyepesi, lakini inakuwa nyepesi ndani ya mrija na kwenye kingo kwa kiwango kimoja, hivyo mgawanyo wa presha haubadiliki. Tundu fupi halijali sana wepesi wa oili ilhali kingo zinajali, na mizani inapotea kadiri siku inavyopanda.

Gharama zake hazifichiki. Pampu inakula umeme saa zote na kuugeuza joto, kwa hiyo oili inahitaji kupozwa. Chembe moja ya alumini ikikwama kooni, kidimbwi kinakufa, kwa hivyo chujio ni la kuheshimiwa kuliko mota. Umeme ukikatika, gurudumu zito la mashine linaendelea kuzunguka wakati pampu imezimika. Lazima pawe na tanki la akiba lenye oili iliyogandamizwa na gesi, litakalobeba mchi mpaka usimame. Ugomvi mkubwa zaidi uko mbele, kwenye pete, ambako maji ya kupozea yanarushwa. Mchi unapenya sili na kurudi, unatoka na oili kidogo, unarudi na maji kidogo. Unaweza kufikiria kuilisha beringi maji yenyewe ili ugomvi uishe, lakini maji ni mepesi kuliko oili mara makumi, kwa hiyo ama pampu iwe kubwa kupindukia au nafasi ichongwe finyu zaidi, na uchafu uogopwe zaidi.

Fundi anayetaka kujua hali ya beringi hahitaji kuifungua. Anachukua kopo lililotoka sasa hivi, analitia alama lilivyokaa ndani ya mashine, na kupima unene wa ubavu sehemu nne kulizunguka. Zikilingana, anaendelea na kazi. Upande wa chini ukiwa mwembamba kopo baada ya kopo, pua ya mchi imeshuka, na kitu cha kwanza kutazamwa ni koo la kidimbwi cha chini. Wembamba ukihamahama, leo kushoto kesho juu, beringi huenda haina kosa: fundi anageukia pete, au kikombe kilichoingia kikiwa tayari kimepinda.