Bruda Nzuri Hupimwa kwa Upande Wake wa Baridi

Mtu anayekagua bruda (sanduku la kulelea vifaranga) iliyoundwa nyumbani huanza karibu kila mara na moto: taa ina nguvu gani, makaa yatadumu mpaka saa ngapi. Kwa Biliqo na uwanda wote wa Merti, kaskazini mwa Kenya, swali hilo linakuja mapema mno. Kifaranga wa siku moja anahitaji nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha apunguziwe kama nyuzi 3 kila wiki mpaka manyoya yamfunike. Adhuhuri ya huku humpa sehemu kubwa ya joto hilo bure, na siku nyingine humzidishia. Kabla ya kuuliza sanduku linapasha vipi, uliza kifaranga aliyezidiwa na joto atakimbilia wapi. Kwangu, ubora wa bruda ya Biliqo umo katika upande wake wa baridi.

Ushahidi wautoe vifaranga wenyewe. Wakirundikana chini ya taa na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakijitenga na taa, mabawa yameachana na mwili na midomo i wazi wakihema, wanaungua. Wakibanana pembe moja, tafuta ufa unaopitisha upepo. Wakitawanyika, huyu anadonoa, yule anakunywa, mwingine amejinyoosha usingizini, basi fundi amefaulu. Lakini katika sanduku dogo la mraba, ambalo joto ni moja kila mahali, hali hiyo ya mwisho huonekana kwa nadra, kwa sababu kifaranga hana pa kuchagua. Ndiyo maana napendelea sanduku ambalo urefu wake ni angalau mara mbili ya upana: joto ncha moja, maji na chakula kuelekea ncha ya pili, na pembe zote zimezibwa kwa kadibodi iliyopindwa ili wasikanyagane humo na kukosa pumzi.

Vifaa navyo vihukumiwe kwa kipimo hicho hicho. Mabati hupata moto wa jua mchana na kupoa upesi usiku, kwa hiyo ukuta wa mbao au plaiwudi ni bora hata ukiwa na mabaka. Uwe mzima upande wa chini kuzuia upepo, na juu uwe wavu wa kutoa hewa chafu. Wavu ambao kidole gumba kinapenya, nyoka mdogo pia atapenya. Kisha piga magoti, uinamishe pua hadi kimo cha kifaranga: harufu ya amonia ikikuchoma, maranda yaliyotandazwa chini yamelowa, na unyevu huo ndio unaokuza koksidia, vimelea vya ugonjwa wa kuhara damu.

Wapo watakaosema kuku mama anatosha. Anatosha kwa vifaranga wanaoenea chini ya mabawa yake, na hata hivyo yeye ndiye shahidi wangu mkuu, kwani hawafungii humo: huingia wakapata joto, wakatoka wakachakura. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba sanduku refu hupoteza joto usiku. Ni kweli, ila dawa yake ni kutenga ncha ya joto kwa pazia la gunia lililochanwa vipandevipande, ambalo kifaranga hulisukuma kwa kifua. Kulifunika sanduku lote, hasa penye jiko la makaa, ni kufungia ndani gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Sanduku la namna hiyo nalikataa hata likiwa limepigwa randa likang'aa.

Anayenunua au kuiga kazi ya mwenzake aikague mara mbili, saa nane mchana na saa kumi alfajiri. Sanduku likishindwa alfajiri, huenda pazia moja zaidi likalikomboa. Likishindwa mchana hata moto ukiwa umezimwa na kivuli kipo, ni fupi mno, na hapo fundi hana budi kurudi kwenye msumeno.