Insulini si ufunguo tu: kuukosoa mfano tunaoupenda wote

Kama umesoma baiolojia hata kidogo, au umewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya kisukari ukisubiri jina liitwe, mfano huu unaujua. Seli ni nyumba. Mlango umefungwa. Sukari imesimama nje kwenye damu, inapiga hodi. Insulini ndiyo ufunguo. Ukiwepo, mlango unafunguka na sukari inaingia kugeuzwa nguvu. Ukikosekana, au kitasa kikishika kutu, sukari inarundikana nje. Huo ndio ugonjwa wa kisukari, kwisha habari.

Mfano huu una sifa zake na nitazitaja. Mimi mwenyewe nimeutumia nikifundisha tuisheni. Leo naomba tuukosoe kwa dhati, kwa sababu nimeuona ukimponza mtu.

Kilichotokea Tarime

Shangazi yangu anaishi kijijini, wilaya ya Tarime. Ana kisukari cha aina ya pili, mwaka wa nne sasa. Asubuhi moja alikwenda kliniki bila kula, kama alivyoelekezwa. Mara ya mwisho kutia kitu mdomoni ilikuwa saa moja jioni: ugali wa muhogo na mtama, mboga na dagaa. Akapimwa saa tatu asubuhi, saa kumi na nne baadaye. Kipimo kikasoma 11, wakati kwa mtu asiye na kisukari ambaye hajala tunategemea 4 hadi 5 na ushee.

Mhudumu akamwangalia. "Mama, umekula wewe. Usinidanganye." Shangazi akaapa kwamba hajala. Mhudumu akacheka: "Sasa hiyo sukari imetoka wapi?"

Hebu lichukulie hilo swali kama la mtihani. Ukibaki ndani ya mfano wa ufunguo, mhudumu yuko sahihi. Ndani ya mfano ule sukari ina chanzo kimoja tu, nacho ni sahani. Asiyekula hawezi kuwa na sukari mpya, basi mwenye sukari nyingi amekula. Mhudumu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanafunzi mwaminifu wa mfano mbovu.

Sukari ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye ini. Na jambo hili lilijulikana kabla insulini haijagunduliwa.

Katikati ya karne ya 19, Mfaransa Claude Bernard aliwalisha mbwa nyama tupu, kisha akapima damu inayotoka kwenye ini. Akakuta sukari. Mnyama hakula wanga, lakini ini lake linamwaga sukari kwenye damu. Mwaka 1857 akaeleza kuhusu akiba anayoihifadhi mnyama kwenye ini, tunayoiita glikojeni. Insulini ilikuja kupatikana Toronto mwaka 1921. Kwa hiyo tulijua kwamba mwili unatengeneza sukari miongo mingi kabla ya kuupata huo "ufunguo".

Huhitaji kwenda Ufaransa kulishuhudia hili. Toka Tarime mjini, shika barabara ya Mugumu, vuka Mto Mara, endelea mpaka ufike hifadhini Serengeti. Simba unayemkuta pale hali ugali. Anakula nyama, na nyama haina wanga wa kutajika. Hata hivyo damu yake ina sukari muda wote, na lazima iwe nayo, kwa sababu chembe nyekundu za damu hazina mitokondria na haziwezi kuchoma kitu kingine. Ini la simba linatengeneza sukari hiyo kutokana na protini.

Sasa mtazame nyumbu anayeliwa na huyo simba. Yeye anakula majani mchana kutwa, na majani kwa sehemu kubwa ni wanga. Utasema huyu ndiye amejaa sukari. Hapana. Wadudu wasioonekana kwa macho tumboni mwake wanayachachusha majani na kuyageuza asidi ndogondogo, na sukari inayofika kwenye damu moja kwa moja kutoka tumboni ni kidogo sana. Ini lake linachukua mojawapo ya asidi hizo, propionati, na kuisuka kuwa sukari. Ng'ombe wa Tarime naye ni hivyohivyo. Kama umewahi kula kichuri, unajua ladha chungu ya majani yaliyokuwa katikati ya safari hiyo.

Basi mla nyama na mla majani, wote wawili wana sukari kwenye damu, na wote wawili wameitengeneza kwa ini. Kilichopo kwenye damu si picha ya kilichopo kwenye sahani.

Hesabu ya kijiko kimoja

Damu ya mtu mzima ni kama lita 5. Sukari iliyoyeyuka ndani yake, kwa mtu asiye na kisukari ambaye hajala, haifiki gramu 5. Ni kijiko kimoja cha chai. Usiku, wakati umelala, ini linatoa takribani gramu 8 hadi 10 kila saa, na ubongo peke yake unachukua kama 5. Maana yake ni kwamba sukari yote ya kwenye damu yako inatumika na kujazwa upya karibu kila nusu saa.

Rudi kwa shangazi. Kwenye damu yake, tofauti kati ya 5 na 11 ni kama gramu 5. Kijiko kimoja tena. Mwanamke mtu mzima aliitwa mwongo mbele ya watu kwa sababu ya kijiko cha sukari ambacho ini lake lilikitoa bila kumwomba ruhusa.

Insulini inafanya nini hasa

Sasa sifa za mfano wetu. Kwenye misuli na kwenye seli za mafuta, ufunguo unafanya kazi karibu kama tunavyosimulia. Insulini inaiamuru seli ipandishe juu ya uso wake milango maalumu inayoitwa GLUT4, na sukari inapita. Hapo mfano unapata alama zake.

Lakini hata hapo unaficha kitu kizuri. Msuli unaofanya kazi unapandisha milango hiyohiyo bila kungoja insulini. Unapolima, unapopanda mlima na ndoo ya maji kichwani, msuli unajifungulia wenyewe. Mfano wa ufunguo haumpi mgonjwa sababu ya kutembea. Ukweli unampa.

Kwenye ini mfano unafeli. Mlango wa sukari wa seli za ini hauhitaji insulini ili ufunguke. Kule insulini inakuja na ujumbe mwingine: "Chakula kimefika. Acha kutengeneza sukari, acha kuvunja akiba, anza kuhifadhi." Homoni nyingine, glukagoni, inaleta ujumbe wa kinyume. Ini lisiposikia vizuri sauti ya insulini, linaendelea kutoa sukari usiku kucha kana kwamba mwenyewe ana njaa. Hicho ndicho kinachopandisha kipimo cha asubuhi kwa wagonjwa wengi wa kisukari cha aina ya pili. Na angalia, kidonge cha metformin alichokuwa nacho shangazi mkobani siku ile kazi yake kubwa ni kulipunguza ini kasi ya kumwaga sukari. Dawa ilikuwa inalijua jibu la swali ambalo mtoa dawa alilicheka.

Na mafuta je?

Hapa ndipo mfano wa ufunguo unapokaa kimya kabisa, na kwangu hii ndiyo kasoro yake kubwa. Unatufanya tudhani insulini ni habari ya sukari tu.

Seli za mafuta zinaisikia insulini hata ikiwa kidogo, kiasi kisichotosha kuufanya msuli uvute sukari nyingi. Ujumbe wanaoupata ni huu: usitoe akiba. Insulini ikipungua, au isiposikika, mafuta yanavunjwa na asidi zake zinaingia kwenye damu. Zikifika kwenye ini, kuchomwa kwake kunalipatia nguvu ya kutengeneza sukari mpya. Zikifika kwenye msuli, msuli unazichoma na kupunguza hamu ya sukari. Kwa hiyo ile 11 ya asubuhi, kwa sehemu, ni habari ya mafuta.

Hilo la msuli lilielezwa mwaka 1963 na Philip Randle na wenzake nchini Uingereza, wakitumia moyo na misuli ya kupumulia ya panya. Waliona kwamba mazao ya kuchoma mafuta yenyewe yanavifunga vimeng'enya vya kuchoma sukari. Hakuna aliyetumwa na ubongo. Moshi wa kuni moja unalizima jiko la pili.

Na kinyume chake kipo. Sukari ikijaa, seli inaanza kutengeneza mafuta, na hatua ya mwanzo inazalisha kitu kinachoitwa malonili-KoA. Mwaka 1977 kundi la Denis McGarry kule Marekani lilionyesha kwamba kitu hicho kinaufunga mlango ambao asidi za mafuta hupitia kuingia mitokondria. Ukifikiri ni akili sana: seli inayojenga mafuta kwa mkono wa kulia haitakiwi kuyachoma kwa mkono wa kushoto.

Insulini ikikosekana kabisa, kama kwa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, mafuta yanamiminika bila breki, ini linayageuza kuwa ketoni, damu inakuwa na asidi, na mtoto anaweza kufa ndani ya siku chache. Kwa mfano wa ufunguo utasema amekufa kwa sababu sukari haikuingia ndani. Hujaeleza tapishi, pumzi nzitonzito, wala ile harufu ya matunda mdomoni, dalili ambazo mzazi alipaswa kuzijua akimbilie hospitali.

Mtoto wa mfano mbovu

Zile sauti za WhatsApp za "wanga ni sumu, acha ugali utapona", mimi naziona ni watoto wa mfano huuhuu. Kama chanzo cha sukari ni sahani tu, ukiondoa ugali umemaliza kesi. Kupunguza wanga kunawasaidia watu wengi wenye kisukari, sibishi. Ninachobishia ni kumwambia mtu aache kula bila kumuuliza anatumia dawa gani.

Shangazi aliona aibu. Aliporudi nyumbani akaamua kuacha chakula cha jioni kabisa ili siku ya kliniki asiitwe tena mwongo. Pamoja na metformin alikuwa anameza kidonge kingine, cha aina inayolisukuma kongosho litoe insulini, umekula hujala. Usiku mmoja akaamka anatetemeka, jasho linamtoka, maneno hayaeleweki. Mjukuu wake aliyekuwa anasoma kitabu akakoroga sukari kwenye kikombe cha maji, akamnywesha angali anaweza kumeza. Alipona. Baadaye daktari mwingine alimsikiliza, akambadilishia dawa na kumrudishia chakula chake cha jioni, sahani ndogo kidogo.

Tuseme nini badala yake?

Mkosoaji asiyeleta kitu mezani ni rahisi kumpuuza, kwa hiyo naleta ghala. Insulini ni mwenye nyumba anayetangaza kwamba mavuno yamefika: wapokeeni wageni (misuli), acheni kutoa nafaka ghalani (ini), fungeni akiba ya shida (mafuta). Kisukari ni pale tangazo lisiposikika, na mtunza ghala anaendelea kugawa debe baada ya debe wakati uwanja umejaa magunia. Kwa mfano huu, ukimkuta mtu hajala na sukari iko juu, swali la kwanza ni nani anatoa ghalani.

Nao una kasoro. Unaleta picha ya bosi mmoja anayeamuru, wakati Randle na McGarry wanatuonyesha kwamba sukari na mafuta vinabishana vyenyewe ndani ya seli, bosi awepo asiwepo. Mfano wangu ukianza kumwita mtu mwongo, nao tuutupe.

Kwa wewe unayefundisha: endelea na ufunguo siku ya kwanza ukitaka, lakini siku ya pili waulize wanafunzi simba anapata wapi sukari, na usiwape jibu mpaka watoke jasho. Kwa wewe mwenye kisukari, au mwenye shangazi: usibadilishe dawa wala kuacha mlo kwa sababu ya makala hii. Kipimo cha asubuhi kikiwa juu na hukula, sema hivyohivyo ulivyo, na uulize, "Inawezekana ni ini langu?" Ni swali halali, na aliyevaa koti jeupe anapaswa kuwa na jibu lake.