Sifa kwa Wakokotoaji wa Nyota

Likasi imezoea habari za atomi inayopasuliwa. Urani ya Shinkolobwe, kilomita kama 20 tu kutoka mjini, ndiyo iliyolisha kwa sehemu kubwa mradi wa mabomu ya Marekani ya 1945, wakati mji huu ukiitwa bado Jadotville. Atomi zinazounganishwa hatuzizungumzii sana, ingawa ndizo zinazotuchoma mgongo kila mchana, maana jua halina moto mwingine. Nataka kuwasifu watu wanaokesha mezani, bila mshahara wala maabara, wakikokotoa namna ya kusukuma chombo cha angani kwa moto huo.

Baba yao alikuwa mwalimu. Konstantin Tsiolkovsky, mwenye masikio mazito tangu utotoni, alifundisha hesabu Kaluga, mji wa mkoani huko Urusi, na mwaka 1903 alichapisha kanuni ambayo hadi leo hakuna roketi inayoikwepa. Kanuni hiyo haina huruma. Ukitaka chombo kifikie mwendo sawa na wa gesi inayotoka nyuma yake, kwa kila tani 1 itakayobaki uanze na tani 2.7. Ukitaka mara 3 ya mwendo huo, anza na tani 20. Mara 10, tani 22,000! Na gesi ya hidrojeni na oksijeni, mafuta bora tuliyo nayo, hutoka kwa kilomita 4.5 hivi kwa sekunde. Mwanafunzi mwenye penseli ataona mwenyewe kwamba kwa mafuta hayo nyota haifikiki.

Kati ya 1973 na 1978, wanachama wa British Interplanetary Society walijitolea, wakiongozwa na Alan Bond, kubuni kwenye karatasi chombo cha kufika nyota kwa moto wa muungano wa atomi, kiitwacho Daedalus. Kingebeba tani 50,000 za deuteriamu (hidrojeni nzito) na heliamu-3, kikilipua vidonge 250 vya mafuta hayo kila sekunde, gesi ikitoka kwa kilomita 10,000 hivi kwa sekunde, na kingefika nyota ya Barnard baada ya miaka 50 hivi. Kwa nini heliamu-3, ambayo duniani ni adimu mno hata wakapanga kuichota kwenye anga ya sayari ya Mshtarii? Kwa sababu mchanganyiko ulio rahisi kuwaka, deuteriamu na tritiamu (hidrojeni nzito zaidi), hutoa nguvu yake nyingi kupitia nyutroni, na nyutroni haina chaji. Sumaku haiwezi kuishika na kuielekeza nyuma. Protoni, inayotoka kwenye mchanganyiko wa heliamu-3, ina chaji, nayo inatii. Hapo ndipo ninapouona ufundi wao: kila uamuzi una sababu ambayo mgeni anaweza kuikagua, na tatizo halikupakwa rangi.

Siwasifu wote. Wapo wanaochora chombo kizuri bila hesabu hata moja, na hao ni wachoraji tu.

Katanga yetu ya zamani haiko mbali na mambo haya. Tritiamu hutengenezwa kwa kuipiga lithiamu kwa nyutroni, na lithiamu imejaa Manono. Kaskazini mwa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kampuni ya Kijerumani, OTRAG, ilianza kujaribu roketi mwaka 1977. Ile ya Juni 1978, iliyorushwa mbele ya Rais Mobutu, ilianguka. Na Menkao, nje ya Kinshasa, Jean-Patrice Keka amerusha roketi zake za Troposphère. Ya 2008 ilitangazwa kufika kilomita 15. Ya 2009, iliyobeba panya, ilikwenda mrama na watu wakacheka. Mimi sicheki. Mafuta yake ni ya kikemia, hayalingani kabisa na ya Daedalus, lakini alihesabu, akajenga, akawasha mbele ya macho ya watu.

Hadi leo hakuna injini ya muungano wa atomi iliyowahi kusukuma chombo chochote angani. Ndugu walimu wa hesabu wa Likasi, mkifika kwenye logariti, andikeni ubaoni kanuni ya 1903 na waulizeni wanafunzi chombo cha tani 10 kitahitaji mafuta kiasi gani ili kifikie mara 3 ya mwendo wa gesi yake. Kikokotoo cha simu kinatosha.